Kungumanga, mashelisheli na Mzee wangu: wiki yetu Grenada

Jumamosi, 1 Februari 2025

Salma alitufikisha uwanja wa ndege wa Toronto kabla jua halijachomoza, gari likitambaa kwa sababu ya barafu. Njiani akauliza swali lake la siku zote: dunia yote hii, kwa nini mnarudi Grenada tu? Baba yake, Mzee wangu, akajibu kwamba mtu akienda ukweni haulizwi sababu. Kisiwa hiki cha Karibi anakiita ukweni kwa kuwa mkewe ni Mpemba wa Wete, na kwa macho yake ya mtu wa Tanga, Grenada ni Pemba iliyovuka bahari ikasahau Kiswahili. Mimi simkatalii, ila namkumbusha kwamba Pemba ni kubwa zaidi. Nchi hii nzima, pamoja na visiwa vyake vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, ni kilomita za mraba 344 tu. Haifiki hata nusu ya kwetu.

Ndege ilichukua kama saa tano. Makoti tuliyavulia humo humo ndani, tukayasokomeza kwenye mfuko.

Uwanja wa hapa una jina la Maurice Bishop, waziri mkuu wa mapinduzi ya 1979. Serikali yake ndiyo iliyoanza kuujenga kwa msaada wa Kuba. Reagan akadai njia ndefu namna ile ni ya ndege za kivita za Wasovieti. Oktoba 1983 Bishop akauawa na wenzake wa chama kimoja, siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakaingia, kisha Wamarekani hao hao wakasaidia kuumalizia uwanja. Leo unapokea wastaafu wanaokimbia baridi. Mzee hupenda kumsimulia kisa hiki dereva wa teksi, ambaye kwa kawaida anakijua vizuri zaidi kuliko yeye, na leo haikuwa tofauti.

Mwenye nyumba wetu, tunayemwita Mama kama wanavyomwita majirani, alikuwa barazani. Hakuuliza habari ya safari. Aliuliza kama bado hatuli nguruwe, kwa sababu Ijumaa ana sufuria la kupika.

Jumapili, 2 Februari

Siku ya kutofanya kitu. Jumapili hapa ni ya kanisa na familia. Maduka mengi yamefungwa na mabasi ni ya kubahatisha. Tulishuka Grand Anse, mchanga wa karibu kilomita tatu, tukajinyoosha chini ya mkungu. Viti vya mahoteli vimeongezeka, vimepangwa safu hadi karibu na maji, na vijana wa kuvikodisha wanakuangalia kana kwamba umekanyaga zulia lao. Ufuo ni mali ya umma kisheria. Nilitandika leso yangu katikati ya safu nikakaa.

Jioni tukanywa mwani. Wanauchemsha mpaka unakuwa mzito, wanautia maziwa, mdalasini na kungumanga, unanywewa baridi. Kwetu Pemba mwanamke anashinda amejiinamia baharini kuulima mwani, anauanika, unauzwa kwa kilo na sehemu kubwa inapakiwa kwenda nje. Kila nikishika chupa hii najiuliza nani alitukataza kuunywa.

Jumatatu, 3 Februari

Mjini St. George's. Basi nambari 1 kutoka Grand Anse ni daladala kwa kila kitu isipokuwa jina: basi dogo, muziki juu, konda ananing'inia mlangoni, na ukitaka kushuka unagonga bati. Magari yanapita kushoto kama kwetu, maana hapa napo Mwingereza alitawala. Jambo moja ambalo mgeni wa Canada huchelewa kulishika: huingii ndani ya basi kimya. Unasema habari za asubuhi, na basi zima linaitikia. Kijana mmoja mtalii aliingia na masikio yake yamezibwa, akakaa bila neno, na mabibi wawili wakamtazama hadi Carenage, ukingo wa bandari ya mji.

Meli mbili za kitalii zilikuwa zimefunga gati, kwa hiyo soko lilikuwa na bei za meli. Mkufu wa viungo, yaani kungumanga, karafuu, mdalasini na manjano vilivyotungwa kwenye uzi, ulitajwa kwa dola za Marekani. Tukazunguka, tukanunua mkate, tukakaa kivulini. Saa tisa alasiri abiria wakaitwa melini, na mkufu ule ule ukarudi kwenye dola ya hapa, ambayo 2.70 zake ni dola moja ya Marekani tangu 1976. Muuzaji alinitambua akacheka kwa aibu kidogo. Simlaumu. Meli inakaa saa chache, na chakula abiria wamekwisha kulipia huko huko ndani.

Tulipita kwa miguu katika handaki la Sendall, la tangu miaka ya 1890, ambamo watu na magari hubanana njia moja ndani ya giza. Mzee analipenda. Mimi napita nikisoma dua. Ngomeni Fort George hatukupanda. Ndipo Bishop na wenzake walipopangwa ukutani na kupigwa risasi, na miili yao haijapatikana mpaka leo. Nimekwisha kusimama pale, inatosha.

Jumanne, 4 Februari

Gouyave. Hii ndiyo siku yangu, na Mzee anajua kwamba siku ya Gouyave hana kauli.

Basi nambari 5 linafuata pwani ya magharibi, bahari kushoto, milima kulia, kona juu ya kona. Gouyave ni mji wa wavuvi wa jodari na wa kungumanga. Ni mji wa Kirani James pia, yule kijana aliyeshinda mita 400 London mwaka 2012 akiwa na miaka 19, akaipa nchi medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, kisha akaongeza ya fedha Rio na ya shaba Tokyo. Sura yake imechorwa ukutani, na watu wa basi walituonyesha bila kuulizwa.

Kituo cha kungumanga ni jengo kuukuu la ghorofa, sakafu za mbao. Ni cha ushirika wa wakulima ulioanzishwa 1947. Ukiingia tu harufu inakukaa kooni. Nilifunga macho nikaiacha inifikie vizuri. Kwetu tunaijua kungumanga kwa uchache, punje moja ya kukwangua kwenye uji au chai, na ina sifa zake nyingine ambazo si za kuandikwa hapa. Mabinti wa Pemba wananielewa. Hapa zimelala kwa magunia.

Mkulima analeta kungumanga iliyo ndani ya gamba lake, basibasi, ule utando mwekundu unaolizunguka gamba, imeshabanduliwa na inauzwa peke yake. Zinapimwa, analipwa malipo ya mwanzo, na msimu ukienda vizuri anapata nyongeza. Kisha zinatandazwa kwenye makabati mapana ya mbao kwa wiki kadhaa na kugeuzwa kwa reki ya mbao, mpaka punje inalia ndani ya gamba ukiitikisa. Mashine inapasua magamba. Baada ya hapo ni mikono ya wanawake.

Nilisimama karibu na mmoja, mtu wa umri wangu, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Punje zilikuwa zinashuka mbele yake juu ya meza na vidole vyake vilikuwa vinachagua kabla macho hayajafika. Nzima huku, iliyochubuka kule, iliyotobolewa na mdudu kwenye kopo miguuni. Baadaye nzima zinatiwa ndani ya maji: inayozama ni nzito, ina mafuta yake, inasafirishwa, inayoelea ni nyepesi, inakwenda kukamuliwa. Nilimwambia kwetu tunachambua karafuu hivyo hivyo, tumekaa chini juu ya jamvi, kikonyo huku na karafuu kule, usiku kucha, kwa hadithi na nyimbo. Akaniuliza kama tunalipwa kwa saa au kwa uzito. Nikamwambia kwa uzito. Akasema basi nyinyi mnaongea sana. Kweli.

Mzee wa kazi aliyetutembeza alinieleza jambo ambalo sikuwa nalijua, mimi mtu wa viungo. Mkungumanga una dume na jike, na jike pekee ndilo linalozaa. Ila ukipanda kwa mbegu huwezi kujua una nini shambani mpaka mti utoe maua, na hilo linaweza kuchukua miaka sita au saba. Unapalilia, unasubiri, kisha unagundua nusu ya shamba lako ni madume, wakati dume moja linatosha majike kumi hivi. Wangu alicheka sana hapo. Nikamwambia asifurahi, wanaokatwa ni hao.

Kwa hesabu hiyo ndipo unapoelewa kimbunga cha Ivan kiliwafanya nini. Tarehe 7 Septemba 2004 kilipita juu ya kisiwa, watu 39 wakafa, karibu nyumba tisa katika kila kumi zikaharibika, na mikungumanga ikang'oka mizizi juu. Kabla ya hapo Grenada ilikuwa ya pili duniani nyuma ya Indonesia. Nyumba unaweza kuezeka ndani ya mwaka. Mti huu unataka miaka saba uanze kuzaa na zaidi ya hapo ushike kasi, na mkulima wa miaka sitini anapiga hesabu yake mwenyewe. Wengi waligeukia kakao, inayowahi. Magunia niliyoyaona leo ni machache kuliko nafasi iliyojengwa kuyaweka. Sakafu nzima ya juu ilikuwa na ukimya na mwanga wa madirisha. Na bado kungumanga iko kwenye bendera yao, pembeni, ndani ya pembetatu ya kijani, imepasuka kidogo nyekundu yake ikiwa nje.

Tulinunua punje zenye gamba, maana zilizomenywa hupoteza harufu mapema, na mfuko wa basibasi. Chakula cha mchana kilikuwa jodari wa kuchoma. Hakuna la kusema juu yake zaidi ya kwamba tuliongeza.

Jumatano, 5 Februari

Boti ya Carriacou inatoka Carenage asubuhi. Nusu ya kwanza imetulia, kisiwa kinakukinga na upepo. Ukipita ncha ya kaskazini mambo yanageuka. Huko chini kuna volkano ya Kick 'em Jenny, kilele chake karibu mita 200 chini ya maji. Ilijulikana ilipolipuka 1939 na mara ya mwisho ilinguruma 2017. Vyombo vinazuiwa kuikaribia kwa kilomita moja na nusu. Mabaharia wa boti wanagawa mifuko ya kutapikia kwa upole, bila kukuuliza. Mzee, mtoto wa Tanga aliyekulia baharini, alichukua miwili.

Safari hii ilikuwa na mzigo wake. Tarehe 1 Julai mwaka jana kimbunga Beryl kilitua hapa hapa Carriacou, upepo kilomita 240 kwa saa, na karibu kila jengo likaguswa. Kuna bibi mmoja wa Hillsborough ambaye tuliwahi kulala kwake. Baada ya Beryl simu yake haikupatikana kwa wiki kadhaa, na Toronto hatukuwa na la kufanya ila kuangalia picha za angani na kubishana paa lake ni lipi. Tulimletea taa za sola, misumari ya kuezekea ambayo Mzee alishikilia kwamba ya Canada ni bora, na doti ya leso.

Hillsborough imesimama na haijasimama. Nyumba yenye bati jipya linalong'aa, ya pili yake imefunikwa turubai, ya tatu ni ngazi za saruji zinazopanda kwenda hewani. Sauti ya nyundo kila upande. Milima iliyokuwa ya kijani ina miti iliyokatika vichwa, ingawa majani mapya yameanza kuchipua moja kwa moja kwenye magogo, yamekaa kama manyoya. Mikoko ya Tyrrel Bay, ambamo wenye mashua walikuwa wanajificha dhidi ya vimbunga, ilibondwa pamoja na mashua zenyewe.

Bibi alikuwa chumba cha nyuma, kwa sababu cha mbele bado hakina dari. Alitukumbatia, akatazama misumari, akamwita mjukuu. Kabla hatujakaa vizuri kijana alikuwa juu ya paa. Akatusimulia Beryl kwa ufupi sana: alijifungia chooni pamoja na majirani, mlango ukishikiliwa kwa zamu. Marefu aliyosimulia ni ya baada yake, fomu, foleni, mbao zinazochelewa kwenye meli, fundi anayechukua malipo ya nusu akahamia nyumba nyingine. Hapo alikuwa na majina na tarehe zote. Leso aliifunga kiunoni pale pale, ya pili akajitanda, akaenda kujionyesha kwa jirani.

Mzee alitaka kwenda Windward, kijiji cha waunda mashua, ambako wanajenga kwa mbao kwa jicho tu, bila mchoro, na ambako mababu wa baadhi yao walikuwa Waskoti. Tulifika kwa basi, tukakuta mafundi wawili wakibadilisha mbavu za mashua iliyotupwa na Beryl. Walichagua kipande cha mti kilichopinda chenyewe, wakakizungusha mikononi, wakakiweka, wakakitoa, wakachonga kidogo. Wangu alisimama pale mikono nyuma kama mkaguzi. Baba yake alikuwa na ngalawa. Hakuuliza kitu, na wao hawakumuuliza, hadi mmoja alipompa ncha ya ubao aishike. Akaishika kwa muda mrefu, nikaogopa boti ya kurudi itatuacha.

Kurudi upepo ulikuwa nyuma yetu, na mifuko ya boti haikuhitajika.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua asubuhi, ingawa ni kiangazi. Watoto wa shule walipita barabarani wamevaa nyekundu, njano na kijani kichwani mpaka soksi, kwa kuwa kesho ni uhuru. Rangi hizo ziko kwenye kingo za barabara, vigogo vya minazi, matairi ya zamani, hata kwenye banda la kuku la jirani.

Mchana Mzee akaenda ghuba ya Molinere kutazama sanamu zilizozamishwa baharini tangu 2006, baada ya Ivan kuharibu matumbawe, ili wazamiaji wapunguze kuyasumbua yaliyobaki. Mimi nilibaki ndani ya mashua ya kioo. Kutoka juu unaona duara la watoto wameshikana mikono, wamekaliwa na matumbawe na sifongo, na katikati yao mume wako akipunga mkono akiwa amevaa mapezi ya njano.

Ijumaa, 7 Februari

Uhuru, miaka 51. Gwaride tumeliangalia kwenye televisheni ya Mama huku tukimenya.

Mapishi yenyewe ni oil down, chakula cha taifa, nayo hupikwa uani, sufuria kubwa juu ya mafiga matatu na kuni. Kila mtu alikuja na kitu. Mama alikuwa ametenga sufuria dogo la samaki wa chumvi kwa ajili yetu, na kubwa la mkia wa nguruwe kwa wengine, na mwiko wa kwetu ameufunga utepe mwekundu usichanganywe. Jambo hilo silisahau.

Mashelisheli ndiyo msingi. Mti huu si wa huku. Uliletwa kutoka visiwa vya Pasifiki, nahodha Bligh akaushusha St. Vincent na Jamaica mwaka 1793 ili watumwa walishwe kwa gharama ndogo. Leo bila shelisheli hakuna sherehe. Tulimenya, tukatoa moyo, tukakata vipande virefu. Mama hupanga, hakorogi: mashelisheli chini, juu yake samaki, karoti, pilipili nzima isiyopasuliwa, vijiti vya unga uliokandwa na kuviringishwa mikononi, na juu kabisa majani ya magimbi kama kifuniko. Kisha tui. Nilikuna nazi mimi, na alipoona ninavyokuna, nimekaa juu ya kigoda chao kifupi nikiizungusha bila kujikata, alinyamaza akanisogezea nyingine tatu. Tui likatiwa manjano, likamiminwa juu, sufuria likafunikwa na kuachwa. Likikaribia kuiva hulisikii tena likichemka. Linaanza kukaanga, maana maji yamekwisha na mafuta ya nazi yamebaki chini. Hapo ndipo linapoepuliwa.

Nililetewa sahani ya kwanza kama mgeni, nikasema kwetu shelisheli la nazi hatulikaushi hivi, tunaacha mchuzi. Ukazuka ubishi. Jirani mmoja akasema lenye mchuzi ni supu. Mzee, msaliti, akakubaliana naye na kuongeza sahani. Ukoko wa chini uligombaniwa na watu wazima, mmoja wao shemasi. Mwakani nitapika mimi la Kipemba, na mchuzi wake, wahukumu wenyewe. Mama ameshasema mashelisheli atatafuta yeye, na kwamba nije na mbuzi wangu wa kukunia nazi, kigoda chao hakinifai.

Jumamosi, 8 Februari

Ndege alasiri. Mizani ya mizigo imekubali: kungumanga za Gouyave, basibasi, vipande vya kakao vya kuchemshia chai, chupa ya sharubati ya nyama ya kungumanga. Kungumanga nyingi ni za Ramadhani, inayoingia mwanzoni mwa Machi. Nusu kwa wanawake wa msikitini kwetu Scarborough, ambao wameshatuma ujumbe kuulizia. Simu ya Salma inasema Toronto ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri na tutoe makoti kabla ya kufika mlangoni.